Nililipia mtihani, nikafika getini, nikageuza. Nijisajili tena au Mungu ameshanijibu?

Cherehani ya Mguu (Makambako)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wengine wote habari zenu.

Humu nimejiunga siku nyingi ila huwa nasoma tu na kupita. Leo naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Mchungaji siwezi, mume wangu siwezi, wenzangu wa kwaya ndio kabisa.

Nina miaka 30, watoto wawili, ni fundi wa kushona hapa Makambako. Kazi yangu kubwa ni sare za shule. Kidato cha nne nilimaliza 2012, na mnaoukumbuka mwaka ule mnaukumbuka. Matokeo yalipotoka Februari 2013 zaidi ya nusu ya watahiniwa tulikuwa na ziro. Kelele zikawa nyingi, ikaundwa tume, mwezi Mei yakatangazwa upya. Wenzangu wawili wa darasani wakapanda wakapata division four. Mimi nikabaki na ziro yangu na D moja ya Kiswahili. Yaani walipanga upya nchi nzima, mimi hawakunifikia.

Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Basi mama, tukutafutie cherehani." Aliuza debe zake za mahindi akaninunulia, kwa upendo kabisa. Lakini ile "basi" yake ninayo mpaka leo.

Sasa mwaka juzi mama yangu alilazwa na kidonda cha kisukari, wiki sita. Nilikuwa namuuguza mimi. Nikawa naangalia manesi wanavyosafisha kidonda, baadaye nikiwashikia vifaa, na tuliporudi nyumbani nikaendelea kumfunga mwenyewe mpaka kikakauka. Nesi mmoja wa zamu ya usiku aliniambia, "Dada, una mkono. Kwa nini hukusomea?" Nikacheka. Usiku ule sikulala.

Mwaka jana nikajisajili kurudia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea: Kiswahili, Uraia, Jiografia, Baiolojia, Kemia. Ada niliyolipa ni pesa ya sketi kumi na mbili za marinda. Nikasoma usiku watoto wakilala. Akina mama wa usharika wakajua (sikuwaambia mimi, nadhani ni dogo wa tuisheni), wakaniita mbele Jumapili moja, wakaniwekea mikono. Nina kitambaa ukutani juu ya cherehani nimekidarizi mwenyewe kwa uzi wa bluu, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Wateja wanakisifia.

Siku ya kwanza ya mtihani nilifika kituoni saa moja na nusu. Watoto wa shule wamejipanga pale nje, wanaulizana maswali. Wawili walikuwa wamevaa sketi nilizoshona mimi, mshono wangu naujua hata kwa mbali. Mmoja akaniangalia akaniambia, "Shikamoo mwalimu." Alidhani mimi ni msimamizi.

Nikamwitikia marahaba. Kisha miguu ikageuka yenyewe.

Nilikwenda kukaa stesheni ya treni ya TAZARA mpaka mchana, na begi langu la kalamu na rula. Nikarudi nyumbani nikasema, "Umeenda vizuri." Na siku zote za masomo yangu nilifanya hivyohivyo: asubuhi natoka, mchana narudi, mtihani umeenda vizuri. Mwezi uliopita matokeo yametoka. Nimeingiza namba yangu kwa simu, nikakuta herufi tatu, ABS, yaani hakufika kwenye mtihani. Mume wangu aliponiuliza nikamwambia ya sisi wa kujitegemea bado hawajaweka.

Dirisha la usajili liko wazi, faini haijaanza. Maswali yangu:

Je, mtu akiwa na shaka namna hii ndiyo dalili kwamba hana imani? Maana niliombewa na watu zaidi ya arobaini na nikakimbia. Naogopa nikifeli tena nitakuwa nimemwaibisha Mungu mbele yao.

Na la pili, nitajuaje kama kile kilichonigeuza getini ni woga wangu, au ni Mungu anasema, tulia na cherehani yako niliyokupa?

Naombeni msinicheke. Na kama kuna anayenifahamu, asiandike jina langu.

---

Tumaini Jipya

Dada, hiyo ni roho ya kushindwa, ikatae kwa jina la Yesu! Wewe ni kichwa wala si mkia. Funga siku tatu kavu, vunja maagano ya ukoo, halafu nenda kajisajili, A zinakusubiri. Ubarikiwe.

---

Sauti ya Kijiweni

Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Si kila mlango uliofungwa kaufunga shetani. Dada una kazi ya mikono, una wateja, watoto wanakula. Paulo huyohuyo uliyemdarizi ukutani alimwandikia Timotheo kwamba utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa. Mjini hapa tuna vijana wangapi wana vyeti na hawana hata hiyo cherehani? Fikiria pia miaka mitatu ya chuo, ada, watoto unamwachia nani. Sikukatishi tamaa, nauliza tu.

---

Mzee wa Chaki

Fundi, nimefundisha Kemia miaka 22 shule za kata, mbili kati ya hizo zikiwa hazina hata chupa ya asidi. Ya kiroho nawaachia wenyewe. Mimi ni Mkatoliki wa kukaa benchi la nyuma. Nakujibu ya darasani.

Kwanza mwaka ule wa 2012 usiubebe peke yako. Nilikuwepo. Darasa langu mimi lilikuwa na wanafunzi 96 na vitabu vinne vya Kemia. Mtoto aliyepata ziro katika mazingira yale alipimwa pamoja na ukuta, dawati na mwalimu asiyekuwepo. Cheti kikaandikwa jina la mtoto tu.

Pili, acha kusoma kama unayetafuta A. Aliyekuahidi A hapo juu hatakuwepo kwenye chumba cha mtihani. D inaanzia alama 30. Thelathini kati ya mia, fundi. Na D uliyonayo ya Kiswahili haijachacha, bado ni yako. Vyuo vya uuguzi vinaangalia ufaulu wa masomo, Baiolojia na Kemia yakiwa ya lazima, lakini sifa hubadilika, kwa hiyo kabla hujalipa hata senti chukua mwongozo wa udahili wa NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya kati, wa mwaka huu uusome kwa macho yako. Usimsikilize dalali wa chuo.

Tatu, niambie ukweli: kwenye Kemia ulikwama wapi?

---

Cherehani ya Mguu

Mwalimu shikamoo. Nimekwama kwenye moli. Nilikariri fomula, ila sijui moli yenyewe ni kitu gani. Nikiona swali lina gramu na moli pamoja, kichwa kinakuwa kama redio iliyotoka kwenye stesheni.

---

Mzee wa Chaki

Marahaba. Vifungo unanunua vipi?

---

Cherehani ya Mguu

Kwa dazeni. Vya mashati ya shule nachukua grosi.

---

Mzee wa Chaki

Grosi ni vifungo vingapi?

---

Cherehani ya Mguu

144.

---

Mzee wa Chaki

Basi moli unaijua. Dazeni ni jina la 12, grosi ni jina la 144, moli ni jina la 6.02 × 10²³. Ni jina la idadi, hakuna uchawi.

Sasa, ukitaka grosi mia za vifungo, mwenye duka hana haja ya kukaa anahesabu kimoja kimoja. Akishajua grosi moja ina gramu ngapi, anamwaga kwenye mizani, anagawanya, kamaliza. Atomu nazo hazihesabiki kwa vidole, kwa hiyo tunapima uzito. Moli moja ya kaboni ni gramu 12. Ya oksijeni, atomu zake, ni 16. Ya kalisi 40. Kalisi kaboneti, CaCO₃, ina kalisi moja, kaboni moja, oksijeni tatu: 40 na 12 na 48, jumla 100. Hiyo 100 ndiyo "uzito wa grosi moja" ya kalisi kaboneti.

Nimekupa gramu 25 za kalisi kaboneti. Ni moli ngapi? Usiangalie daftari.

---

Cherehani ya Mguu

0.25?

---

Mzee wa Chaki

Alama ya kuuliza ya nini?

---

Mama wa Zamu ya Usiku

Mwanangu, nimesoma habari yako mara mbili. Mimi ni nesi mkunga mstaafu, niko Tukuyu, ni Mmoraviani. Nina muda na nina maneno, univumilie.

Unauliza kama shaka ni kukosa imani. Soma Marko 9, yule baba mwenye mtoto mwenye pepo. Aliulizwa kuhusu imani, akalia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yote mawili kwa pumzi moja. Na Yesu hakumwambia nenda kwanza kafunge, shaka ikiisha urudi. Alimponya mtoto palepale. Mimi sala hiyo niliishika nikiwa mwanafunzi mwaka wa kwanza, siku niliyopewa kumchoma sindano mtoto wa mwezi mmoja. Mkono ulitetemeka mpaka sindano ikawa inang'aa kila upande. Matroni alinishika kifundo cha mkono, akaninong'oneza, "Tetemeka, ila usiachie." Nikamchoma. Mtoto akalia, mama yake akalia, na mimi nikaenda kulia chooni. Kesho yake nikachoma wengine saba.

Juu ya kitambaa chako. Ni kizuri, usikitoe. Lakini umedarizi Wafilipi 4 mstari wa 13 ukaacha wa 12. Pale Paulo anasema anajua kudhiliwa na kufanikiwa, kushiba na kuona njaa. Na aliandika akiwa kifungoni. "Mambo yote" anayoyaweza ni hayo, pamoja na njaa, pamoja na kudhiliwa. Mtu akiufanya kuwa hirizi ya kufaulu mtihani, siku ya kufeli ataona Mungu kamdanganya. Ukifeli, mwanangu, Mungu haaibiki. Alishatundikwa uchi msalabani watu wakimcheka. Umati wa arobaini wa usharika wako haumtishi.

Ndugu wa Kijiweni kasema la maana na nisingependa apigwe mawe. Kuridhika ni jambo la kweli. Nilikuwa na mdogo wangu aliyeacha ualimu akarudi kulima chai, na amani aliyokuwa nayo ilionekana mpaka kwenye ngozi. Kwa hiyo nakuuliza: ulipokaa stesheni siku ile, ulisikia amani, au ulisikia nafuu ya mtu aliyemkwepa mdai wake? Hizo mbili zinafanana kwa saa moja ya kwanza. Baadaye amani inakaa, ila ile nafuu inakudai uongo wa kesho, na wa keshokutwa. Wewe ulidaiwa wiki nzima, na bado unadaiwa.

Kufunga siku tatu kavu sikushauri, una watoto na una mashine. Eliya alipochoka akakaa chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia inuka, ule. Mkate na chupa ya maji. Akala akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena, ndipo safari ikaendelea. Wewe nasikia unashona mchana, unasoma usiku. Unalala saa ngapi?

La mwisho, na hili ni zito kuliko Kemia. Mwambie mumeo. Kabla ya kumlipia mtu yeyote ada. Chumba cha wagonjwa hakimtaki nesi anayeandika kwenye chati dawa ambayo hakuitoa, na tabia hiyo huanzia nyumbani.

---

Sauti ya Kijiweni

Mama hapo kwa mdai umenipiga hata mimi. Nimekaa kimya.

---

Cherehani ya Mguu

Nimekawia kurudi, samahanini. Nilikuwa namalizia sare za watu waliochelewa, si mnajua Januari na Februari zetu sisi.

Mama, swali lako la stesheni nilitembea nalo siku nne. Ilikuwa nafuu. Nakumbuka treni ya mizigo ilipita nikahesabu mabehewa, nikawa nasema moyoni angalau leo imeisha. Amani haihesabu mabehewa.

Jana usiku nimemwambia. Nilisubiri watoto walale, nikazima taa kabisa ili nisimwone uso, nikaanza, "Baba Neema, ule mtihani..." Akanikatiza. Akasema, "Najua. Ulikuwa stesheni."

Mume wangu ni bodaboda, na hapo sikutumia akili, mji huu bodaboda wanaona kila kitu. Mwenzake alimpigia siku ileile ya kwanza, shemeji amekaa huku na begi, kuna msiba? Akaja. Alisimama ng'ambo ya barabara na pikipiki akaniangalia, akaondoka. Siku zote zile alijua naelekea wapi. Nikamuuliza kwa nini hukusema? Akasema, "Ningesema ungeona nakugombeza. Nikasema atasema akiweza." Miezi mitatu, jamani. Nikalia mpaka mtoto akaamka.

Halafu naye kaja na yake. Alisema leseni ya udereva wa magari makubwa aliiacha njiani mwaka wa kwanza wa ndoa, hakuwahi kuniambia, nilikuwa nadhani alikosa pesa. Aliogopa mtihani wa barabarani. Tumekaa gizani wawili tunacheka kama wajinga.

Leo asubuhi amenipeleka mwenyewe kituoni kujisajili. Masomo ni manne, Jiografia nimeiacha. Mwongozo nimeusoma, mwalimu, na mistari mitatu nimeipigia kalamu nikuulize. Akina mama wa usharika nitawaambia Jumapili, hili bado linanitoa jasho. Mchungaji anapenda ushuhuda wenye mwisho mzuri na wangu haujafika mwisho. Nitasimama niseme hivyohivyo, nilikimbia, naenda tena.

Sala yangu nimeifupisha. Zamani niliomba nifaulu, na orodha ndefu. Sasa naomba nipite geti. Nikishakaa kwenye kiti tutaongea mengine.

Kitambaa nimekishusha nikaongeza mstari wa 12 kwa uzi mweusi, ule wa bluu uliisha. Hakijakaa sawa, herufi zimebanana huku juu. Mteja mmoja kaniambia nimekiharibu.

---

Mama wa Zamu ya Usiku

Unalala saa ngapi? Hukujibu.

---

Cherehani ya Mguu

Saa tano mama. Nilikuwa nalala saa nane. Asubuhi naamka saa kumi na moja nasoma saa moja kabla watoto hawajaamka.

---

Tumaini Jipya

Dada nimesoma yote. Nisamehe niliandika harakaharaka nikiwa kwenye daladala. Nina pasti pepa za Baiolojia za miaka kadhaa, za mdogo wangu, zina majibu. Zipo Iringa. Ukipata mtu wa basi nitazituma.

---

Cherehani ya Mguu

Ubarikiwe sana! Mume wangu anafahamiana na kondakta wa basi la Iringa. Nitakutumia ujumbe.

---

Mzee wa Chaki

Mmemaliza kulia? Fundi, chuma ni 56. Nimekupa misumari, gramu 5.6. Ngapi?

---

Cherehani ya Mguu

0.1.

---

Mzee wa Chaki

0.1 nini? Mita? Kilo? Msahihishaji hajui unachofikiria.

---

Cherehani ya Mguu

Moli 0.1, mwalimu.